Ekzosi Mpya na Ngamia wa Abti Gelle

Jumatatu, 8 Septemba

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Mwalimu akiita majina asubuhi, mimi hujibu, lakini sauti yangu haifiki mbele. Muhula uliopita niliandikwa mtoro mara nyingi, nami nimeketi palepale, kitabu wazi. Niliona haya kumsahihisha.

Leo nimepata dawa! Abti Gelle, mjomba wangu, amekwenda Hulugho, atarudi Jumamosi. Ameniachia pikipiki yake kuukuu ili kila alfajiri nipeleke chumvi kwa ngamia na kurudi na maziwa. Njia ya porini tu, amesema, mjini niisukume. Ekzosi yake, bomba la moshi, imetoboka, inakohoa kama mgonjwa wa pumu. Mutuku, fundi wa pikipiki, anayo mpya inayong'aa na kunguruma. Nani ataniandika mtoro nikija na mlio ule?

Abti atafurahi. Pengine atanipa pikipiki yenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefanya! Ekzosi mpya imefungwa, ya zamani imebaki kwa Mutuku. Pesa za Idd zimekwisha zote. Nimeongeza na siti mpya nyeusi, fupi, iliyoinuka nyuma. Mutuku alisita, akaniuliza kama mwenye pikipiki anajua. Nikamwambia nimesoma sana habari za pikipiki. Akasema hakuuliza hilo.

Niliisukuma hadi lango la shule, nikaiwasha kidogo tu. Mlio! Mwalimu alitoka nje mbio. Abdinasir, mwenyekiti wa klabu ya midahalo, ambaye huniita Maktaba, akapaza sauti kwamba wallahi leo maktaba imefunguliwa. Nilimjibu neno kali sana. Hakuna aliyelisikia. Ekzosi ilikuwa inanguruma.

Mchana nilikalia siti. Nikainuka upesi. Siti nyeusi, jua la Garissa. Hilo sikulifikiria.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa!

Ngamia wetu watatu huijua pikipiki ya Abti kwa kikohozi chake. Wakikisikia wanajua chumvi imefika, huja wenyewe. Leo nilifika nikinguruma. Waliinua shingo, wakanitazama mara moja, wakatoweka vichakani. Kulow, mchungaji wetu, akabaki na chombo cha kukamia mkononi, mimi na mfuko wa chumvi. Akaniuliza kwa upole ni nani aliyenipa helikopta.

Maziwa ya ngamia hao ndiyo karo yangu. Wasipopatikana, shule kwaheri. Hooyo, mama yangu, nimemwambia leo maziwa yamepungua. Si uongo. Yamepungua yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Hawajaonekana. Kulow alifuata nyayo hadi barabara ya lami, zikapotea.

Nimesoma sura nzima ya tabia za wanyama. Ngamia hayumo. Nikabuni njia yangu: niliziba ekzosi kwa soksi ili ikohoe. Ilikohoa mara moja, ikatema soksi ikiwaka. Soksi ya sare!

Abti akapiga simu kuuliza habari za ngamia. Nikasema wanatembea vizuri. Sijala chochote tangu asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba

WAMEPATIKANA! Alhamdulillahi!

Baada ya swala Abdinasir alikuja akicheka, akasema Maktaba, ngamia wameteka steji ya boda. Nilikimbia hadi kiatu kikachomoka. Wetu! Wote watatu! Wamemzunguka Koome, mwenye boda kutoka Meru. Mmoja alikuwa akilamba helmeti yake ikiwa kichwani. Koome, mikono juu, aliapa mbele ya watu kwamba hawajui ngamia hawa, hajawakosea lolote, na kwamba wamemfuata tangu barabara ya lami. Akiongeza mwendo, nao wanaongeza.

Nikainama. Ekzosi yetu! Yake ilikuwa imeanguka, Mutuku akamfungia ile ya Abti. Kila akiiwasha ili akimbie, inakohoa, na ngamia wanasogea wakingoja chumvi.

Nilimpa yangu mpya, akanirudishia ya zamani. Hakuuliza hata nyongeza. Alisema nichukue na helmeti, ila nimwondolee wanyama hawa.

Niliketi chini mavumbini. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Jioni Hooyo alipata maziwa, nami nikala sahani tatu za wali.

Jumamosi, 13 Septemba

Abti amerudi. Ngamia wapo, pikipiki inakohoa. Aliizunguka siti mpya, akasema mtungi wa maziwa utafungwa wapi hapo, niirudishe nilikoitoa. Basi! Hakugomba. Akasema anaona ngamia wamechangamka wiki hii, kwa hiyo Jumatatu akienda Mandera ataniachia tena pikipiki.

Nimefikiria sana. Kosa halikuwa kelele. Kosa ni kwamba kelele ilikuwa ya mfululizo. Kelele fupi, kwa wakati wake, haiwezi kumtisha mnyama.

Nilikwenda kwa Mutuku na siti ile. Akanirudishia ya zamani, lakini pesa akakataa kurudisha. Tukakubaliana anipe honi ya lori badala yake. Nimeifunga jioni hii, nikakaza skrubu zote. Bado sijaibonyeza.