Kishale Kinachotembea Chenyewe

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Kompyuta ya nyumbani imepona! Wiki nzima ilikuwa inajikokota. Mke wangu alitaka aitwe shemeji, kaka yake, fundi kompyuta. Nikakataa katakata. Shemeji akija humaliza chai yote, kisha hunicheka mbele ya watoto. Leo kioo kimejaa maandishi mekundu: VIRUSI! PIGA NAMBA HII. Nikapiga. Bwana mpole ajabu! Akanielekeza nipakue programu ili aitengeneze akiwa huko huko aliko. Yeye akafanya kazi, mimi nikatafuna karanga. Bure kabisa. Shemeji na afunge duka.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Makubwa! Kishale cha kompyuta kinatembea chenyewe. Niliinua mikono yote miwili, bado kinatembea tu. Kikafungua folda ya mke wangu. Yeye ni mwalimu, na humo mna mtihani wa mwisho wa shule nzima. Ukivuja, kazi hana.

Lakini mwizi nimeshamjua. Shemeji! Nani mwingine ana utaalamu huo? Wivu tu unamsumbua. Mke wangu sijamwambia, asije akababaika bure. Nimebandika plasta kwenye kamera na kuifunika kompyuta kitambaa cha meza.

Jumatano, tarehe 8 Mei
Nimetega mtego. Niliandika kwenye kioo kwa herufi kubwa: SHEMEJI, NAKUONA. Mara kishale kikaandika: shemeji gani? Mjanja huyo! Nikampa vidonge vyake. Nikamkumbusha koti langu aliloazima akalirudisha halina vifungo. Akanijibu nitulie, nisizime kompyuta. Sikuzima ng'o. Nizime, aseme nimemwogopa?

Mke wangu akaingia na kikapu chake, akasoma. Akachomoa waya wa intaneti, akampigia kaka yake. Kumbe shemeji yuko kwa daktari wa meno tangu asubuhi. Nikasema jino ni kisingizio. Mke wangu akaniambia ninyamaze, kwa sauti yake ile. Nikawa mpole.

Alhamisi, tarehe 9 Mei
Shemeji kaja, shavu limemvimba. Chai hakugusa. Kafuta kila kitu kwenye kompyuta, kaipanga upya. Kamwagiza dada yake abadilishe maneno yote ya siri kwa kutumia simu, aiarifu na benki. Mimi kaniuliza tu kama yule bwana mpole alinitajia jina. Nikaenda kutafuta karanga zangu.

Mke wangu alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kusema ukweli. Kaambiwa autunge mtihani wote upya kabla ya Jumatatu, na huu nao ukivuja asihangaike kurudi. Alilia jikoni. Niliumia, jamani. Nikaosha vyombo vyote, hata sufuria lililoungua.

Jumamosi, tarehe 11 Mei
Kwa kinyozi nilisimulia yote: nilivyomnasa mdukuzi, na jinsi mtihani mpya unavyotungwa nyumbani kwangu chini ya ulinzi wangu. Wembe ukasimama hewani. Vijana fulani wenye sare za shule waliniomba hata namba yangu ya simu. Heshima hiyo!

Jumapili, tarehe 12 Mei
Mtihani umekamilika! Mke wangu kauchapa, kauweka kabatini, kajilaza kidogo. Macho mekundu, maskini.

Mchana simu ikaita. Mkaguzi kutoka Kitengo cha Ulinzi wa Mitihani. Anataka ahakikishe mtihani mpya haufanani na ule wa zamani. Safari hii sikuwa mjinga. Nilimuuliza kwanza kama yeye ni mdukuzi. Akakana kabisa. Sauti yake changa kidogo, na nyuma yake wenzake wanacheka kwikwi. Ofisi yenye furaha! Nikamwambia wazi kompyuta siigusi. Nimepiga kurasa zote picha kwa simu, nikamtumia moja moja. Usalama kwanza. Kanishukuru mno, kaniita mzalendo.

Mke wangu bado amelala. Akiamka nitamwambia asiwe na wasiwasi wowote, mambo yote nimeyamaliza mimi.