Sala Zangu za Kutafuta Kiti

Jumatano, 18 Februari. Siku ya Majivu.

Yesu na Maria! Padre ametuangushia bomu. Mwenyekiti wetu wa parokia amehama mji, vijana wamepungua, paa linavuja. Kwa hiyo Kwaresima hii tutatafakari parokia yetu inakwenda wapi na nani atatuongoza. Mpaka hapo sawa. Kisha akaongeza kwamba hakuna kampeni. Hakuna! Tutasali tu, na Jumapili ya tatu kila mtu atasimama aseme moyo wake umemwelekeza kwa nani. Nimebaki mdomo wazi, majivu yakinidondokea puani. Kiti kile nimekitamani tangu nioe! Na kreti za soda za kuwalainisha wanakwaya ziko tayari chini ya kitanda. Mke wangu ameuliza ni za nini wakati wa mfungo. Nimemwambia ni za Pasaka.

Ijumaa, 20 Februari.

Nimeupata mwanya. Baada ya Njia ya Msalaba kila muumini anaruhusiwa kutoa ombi kwa sauti. Padre amekataza kutaja majina. Sifa hajakataza! Nikasimama, nikakohoa, nikamwomba Bwana atupe kiongozi anayeamka kabla ya majogoo kuja kufungua kanisa. Watu wakaitikia kwa nguvu, twakuomba utusikie. Ufunguo wa kanisa si ninao mimi? Ni kweli mke wangu ndiye anayeupeleka alfajiri, maana mgongo wangu hautaki baridi. Lakini kabati unamokaa ni langu.

Jumapili, 22 Februari.

Hasira tupu! Fundi Bomba, mpinzani wangu, amepiga magoti mbele ya tabernakulo tangu misa ya kwanza. Watu wanapita wakinong'ona jinsi anavyosali. Nikapiga magoti kando yake, nikaapa hatanishinda. Akaondoka kabla yangu. Ushindi! Ila mke wangu anadai nilibaki kwa sababu nilisinzia, na kwamba nilikoroma hadi mtoto wa watu akaanza kulia. Sijui maneno haya anayatoa wapi.

Ijumaa, 27 Februari.

Leo nimemwaga sifa zote. Nimemwomba Bwana atupe mtu anayewafulia wagonjwa, anayefagia sakristia bila kuambiwa, asiyejitangaza. Kazi hizo zinafanywa na nyumba yetu. Mikono ni ya mke wangu, sawa, lakini kichwa cha nyumba ni nani? Kiitikio kikatikisa madirisha. Mshtuko ukanikuta nje: Fundi Bomba alinifuata, macho mekundu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema sala zangu zimemfungua macho, na yeye hataki tena kiti.

Jumapili, 8 Machi.

Siamini! Nilivaa suti. Bibi Soprano, mkongwe wa kwaya, akasimama wa kwanza. Akasema mtu tuliyekuwa tukimwomba kila Ijumaa tunamjua sote, yupo humu ndani. Nikanyanyuka kushukuru. Akamnyooshea kidole mke wangu. MKE WANGU! Fundi Bomba akaunga mkono, kisha kanisa zima. Vigelegele katikati ya Kwaresima, na Padre akasahau kukemea! Mimi nimesimama peke yangu kama mlingoti. Ikabidi nijitie kupiga makofi.

Mke wangu alidondosha mkoba, akalia. Njiani akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli, miaka yote hii, nilikuwa ninayaona anayoyafanya. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akanishika mkono pale pale barabarani, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzae kifungua mimba wetu. Niliona aibu. Aibu ya kweli, mpaka tukafika nyumbani.

Jumatatu, 9 Machi.

Aibu imekwisha. Mwenyekiti lazima awe na makamu! Nashangaa sikulifikiria hili mapema. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitaja kazi, nikasahau sura. Ijumaa nitamwomba Bwana atupe makamu mwenye masharubu mazito. Hapo mke wangu haingii. Fundi Bomba anayo, tena mazito kuliko yangu, lakini kesho asubuhi ninampelekea wembe mpya, zawadi ya Kwaresima.