Treni ya Mzee Imerudi Kinyumenyume

Leo nimeaibika mbele ya wafiwa. Naandika nikiwa kibandani kwangu hapa Kamembe, mlango nimeurudishia.

Mnanijua, fundi simu na redio. Wiki iliyopita Maman Feza, jirani yangu, aliniletea treni ndogo ya marehemu mumewe. Mzee aliendesha treni za kweli Congo miaka mingi kabla ya kurejea Rwanda, na hako katreni alikapenda kuliko alivyotupenda sisi. Binti yao aliyeko Ubelgiji alikuwa ametuma rimoti na dekoda (si ile ya televisheni; hii ni ndogo kama ukucha, inakaa ndani ya treni na kupokea amri kupitia reli). Leo walikuwa wanaondoa kilio, yaani kumaliza matanga na kuvua nguo nyeusi. Maman alitaka abonyeze mwenyewe, treni itoke kwenye picha ya Mzee, ipite mezani hadi upande wa mlangoni. Ndiyo kumuaga.

"Papa Shabani, hii kazi ulishaifanyaka?" aliniuliza siku ile alipoileta.

"Maman, mingi sana."

(Nchi hii haina hata reli moja. Ningeifanyia wapi?)

Nikachomelea nyaya za dekoda vizuri, mbili za kutoka kwenye reli, mbili za kwenda kwenye mota. Reli zenyewe zilikuwa kwa Maman, zimeshapigiliwa mezani. Basi nikailaza treni chali juu ya taulo, kama ninavyolaza redio, nikagusisha umeme kwenye magurudumu na kubonyeza kwenda mbele. Upande wa juu wa magurudumu ulikuwa unaelekea nyuma, wakati treni ikienda mbele huelekea mbele! Nikajipongeza kwa kugundua kosa mapema, nikabadilisha nafasi za nyaya za mota, hii mahali pa ile. (Ndiyo. Sikukumbuka kwamba kitu kikiwa chali, juu yake ndiyo chini.)

Leo saa nane nyumba ilijaa. Maman alikuwa amevua nguo nyeusi, kitambaa cha kichwani amekiacha kitini, amevaa kitenge cha njano, mara ya kwanza tangu msiba. Nikaiweka treni relini, mkia umeelekea picha. Akabonyeza.

Ikarudi nyuma. Ikaigonga picha, Mzee akaanguka kifudifudi. Maman akabonyeza tena kwa nguvu, kama tunavyobonyeza rimoti ya betri dhaifu, na treni ikazidi kumsukuma Mzee hadi ukingoni mwa meza. Niliidaka picha ikiwa hewani.

Tantine Yuliana, dada mkubwa wa marehemu, akatikisa kichwa.

"Mzee anakatala kwenda. Kilio hakiondoke leo."

Wazee wakaitikia. Sitawaficha, nilifurahi. Lawama amebebeshwa marehemu, fundi yuko salama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kisha nikamwona Maman anachukua kile kitambaa cheusi kitini, anajifunga kichwani polepole. Moyo uliniuma.

"Haiko Mzee," nikasema. "Ni miye. Nilifunga nyaya kinyume."

"Njo weye?" Tantine akauliza. (Njo kwetu ni ndiyo.)

"Njo miye."

"Si ulisema ulishatengenezaka mingi?"

"Hii njo ya kwanza, Tantine."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Tuonyeshe," akasema.

Nikaifungua treni palepale mbele ya watu wote, nikazing'oa nyaya za mota, nikazibadilisha nafasi na kuzisokota kwa vidole. Maman akabonyeza. Safari hii ikaenda mbele, taratibu, ikapita chai na mandazi, ikasimama upande wa mlangoni. Maman akalia sana. Halafu akakifungua kile kitambaa, akakikunja na kukiweka chini ya kiti.

Nilikuwa nachukua viatu vyangu niondoke Tantine aliponiita.

"Papa Shabani. Kaka yangu aliendesha treni miaka yote ile, hakuangusha muntu. Weye siku moja tu, unamuangusha yeye."

Hapo ndipo wakacheka, hadi Maman.

Nyinyi msinicheke, wao wametosha. Na kuanzia kesho, atakayeniuliza kama nilishawahi kufanya kazi fulani nitamjibu sijawahi, hata ikiwa ni kubadilisha betri.