Kadi ya Dume Mpole

Jumatatu, 4 Oktoba

Na ijulikane kwa walio hai na watakaozaliwa: leo nimenunua kofia. Nyeupe, ina nanga ya dhahabu mbele. Ni ya safari. Kiwanda cha sare anakoshonea mke wangu kimempa zawadi ya mshonaji bora: siku tano kwenye meli ya kitalii, yeye na familia. Mapacha wetu wa miaka tisa hawajalala tangu jana kwa furaha. Mimi pia, ila siwaambii.

Barua ya meli nimeisoma mara tatu. Kwa sababu ya janga hili la maradhi, kila aliyezidi miaka kumi na miwili awe amechanjwa wiki mbili kabla ya kuondoka. Sindano moja. Mwisho Jumamosi hii. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: asiyechanjwa ataachwa, na nafasi yake anaweza kupewa ndugu aliyechanjwa.

Ndugu gani? Nani aliomba sentensi hiyo iwekwe? Mke wangu ana kaka mmoja tu. Shemeji huyo kachanjwa kila chanjo iliyowahi kutengenezwa. Jana alikuja kunywa chai, akauliza meli inaondoka saa ngapi. Ya nini?

Jumatano, 6 Oktoba

Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Chanjo bure. Bure! Cha bure huwa ghali. Nimekaa dirishani asubuhi nzima nikichunguza. Watu wanaingia wanacheka, wanatoka wameshika bega. Nesi anatabasamu. Mtu mwenye sindano mkononi anatabasamia nini?

Niandike wazi, maana daftari hili huenda likasomwa: siogopi sindano. Sina imani nayo tu.

Mke wangu kauliza kama nimeshachanja. Nikasema nimechanja. Sikudanganya. Jana nilichanja kuni.

Shemeji alikuwepo. Tena. Alijaribu kofia yangu. Ilimkaa.

Jumamosi, 9 Oktoba

Akili ni mali. Jirani yetu tunayemwita Msomi, kwa ile miwani yake isiyo na vioo, anapiga deki kwenye kliniki fulani. Nimempa redio yangu, naye kanipa kadi ya chanjo, mhuri wa bluu umeshagongwa. Sikuuliza kliniki ipi. Kliniki ni kliniki.

Kadi imeshajazwa nusu. Jinsia: Dume. Nimeisoma mara mbili, nikajinyoosha. Hatimaye kuna watu wanaotambua watu. Tabia: mpole, haumi. Bila shaka walitaka kuandika "haiumi", yaani sindano. Wauguzi na tahajia ni paka na panya. Penye jina nikajaza langu. Palipoandikwa Mmiliki nikakwama kidogo. Mwenye tiketi ni mke wangu. Nikamwandika yeye.

Jumamosi, 23 Oktoba

Bandarini. Foleni. Masanduku manne. Kofia kichwani. Shemeji kaja kutusindikiza, eti. Na begi. Nikamuuliza begi la nini, akasema hapendi kutembea mikono mitupu.

Karani wa meli kaichukua kadi yangu. Kaisoma. Kamwita mwenzake, wakaisoma pamoja kama barua ya mapenzi. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mama, huyu ni wako?"

"Ni wangu. Kwani kuna nini?"

"Chanjo yake ya kichaa iko sawa kabisa. Ila mbwa hawapandi melini."

Mke wangu akaisoma kadi. Muda mrefu. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza taratibu:

"Baba Pacha, ile siku ulisema umechanja. Ulichanja nini?"

Nikaanza kueleza habari za kuni. Hazikufika mbali. Pacha mmoja akauliza baba atabaki na nani. Mke wangu akanivua kofia, akampa kaka yake. Cheti cha shemeji kilikuwa tayari mfukoni, kimevikwa plastiki.

Nilijua! Tangu siku ya kwanza nilijua!

Jumatatu, 25 Oktoba

Majirani wote nilishawaaga, kwa hiyo sipo. Mapazia nimefunga. Nakohoa ndani ya mto. Mke wangu katuma picha: mapacha wanacheka, shemeji na kofia yangu, nyuma yao bahari nzima. Nimeikuza picha mpaka ikapasuka. Kitanda changu cha melini kina mito miwili. Shemeji analalia yote.

Saa nne mlango ukagongwa. Nikachungulia. Nesi wa ng'ambo, na boksi la barafu, na mwenzake mwenye orodha. Sasa wanachanja nyumba kwa nyumba! Nani kawatuma? Shemeji, kutoka baharini. Wakabisha hodi tena, wakaambiana kuwa ndani kuna mtu.

Hapo akili ikanijia kama umeme. Nikabweka. Mara tatu, ya mwisho kwa hasira.

Wakaondoka. Nimewashinda wote.

Jioni nikatoka kukagua geti. Wameandika kwa chaki: Watu, hakuna. Mbwa, mmoja. Hajachanjwa.