Malalamiko Kuhusu Samaki wa Njano Aliyeugua Kabla Hatujazoeana

Jumatano, tarehe 11 Machi

Kwa Ndugu Mwenye Duka la Samaki wa Mapambo,
ajulikanaye na wengi kama Bwana Mapovu

Ndugu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na samaki wako wote, ingawa kuhusu hao samaki nina mashaka, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni yule fundi cherehani aliyekuja dukani kwako Jumamosi, amevaa koti kwenye jua kali. Mke wangu unamkumbuka kuliko mimi, kwa kuwa mteja wako alikuwa yeye, mimi nilikuwa mbeba ndoo. Alipofariki aliniachia tangi la maji ya chumvi pale sebuleni, na ndani yake samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, aliyemwita Bimkubwa. Tangu msiba Bimkubwa amekuwa akijificha nyuma ya jiwe na kula kwa kubembelezwa. Ukiniondoa mimi, huyo ndiye kiumbe pekee aliyebaki nyumbani anayeijua sauti ya mke wangu, na sikutaka afe kwa upweke mikononi mwangu. Ndipo nikaja kumtafutia mwenzake. Ukanipa samaki wa njano, bapa kama sahani. Leo huyo samaki ni mgonjwa. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba ulimsifia kupita kiasi. Ulisema, "Mzee wangu, huyu homa anaisikia kwa majirani tu." Mimi nikimshonea mteja suruali simwambii itadumu kuliko yeye. Namwambia itamfaa, kisha nangoja arudi kulalamika. Samaki wako alifika Jumamosi mchana akazunguka tangi lote kama mkaguzi. Jumatatu akaanza kujikuna kwenye mawe. Jana aliamka na vidoa vyeupe mwili mzima, utadhani kanyunyiziwa chumvi. Ndugu, sikuagiza kitambaa cha vidoti. Niliagiza cha njano tupu.

2. Kwamba amenivunjia heshima kwa wakwe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipomwona tu alisema, "Shemeji, yaani umemletea Bimkubwa mke mwenza bila hata kumpigia hodi? Ona sasa, kaja na maradhi." Sebule nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa sijacheka tangu msiba. Mtu anatakiwa kuarifiwa mapema kabla ya kuchekeshwa.

3. Kwamba watu wamerudi. Habari zimeenea mtaani kuwa kwa fundi kuna mgonjwa, na watu ambao ndio kwanza walikuwa wamemaliza kunipa pole wameanza upya. Jirani wa chini alileta supu. Akauliza mgonjwa amelazwa wapi. Nikamwonyesha. Kwa kuwa ni mtu wa adabu alivuta kiti akakaa, bakuli mapajani, akamtazama kwa muda mrefu. "Amekonda," akasema mwishowe. Samaki huyo ni bapa tangu kuzaliwa kwake. Supu niliinywa mimi.

4. Kwamba tangu asubuhi ya leo Bimkubwa naye anajikuna. Hapa sina mzaha.

5. Kwamba kosa haliwezi kuwa langu, na hili ningeliweka la kwanza kama si kushikwa na hasira. Miaka yote ya mke wangu hakuna samaki wake aliyewahi kuugua. Alikuwa na mkono mzuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kila alipotoka dukani kwako na samaki mpya, alimweka kwenye beseni la bluu katikati ya bafu, pamoja na pampu ya hewa inayokoroma, na hapo samaki alikaa wiki baada ya wiki. Mimi nilioga kwenye kona, nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nikinung'unika anasema, "Baba watoto, mgeni hapokelewi chumbani siku ya kwanza." Nilijua ni ukaidi, nikamwachia. Baada ya msiba nililitoa beseni lile, nikalijaza vipande vya vitambaa vya kazini. Sasa naoga nimenyoosha mikono yote miwili. Bafu limekuwa kubwa mno. Basi tangi ni lilelile, chumvi ni ileile, jiwe ni lilelile. Kilichobadilika ni duka lako.

6. Kwamba uliniambia mambo mengi ya utunzaji pale mlangoni, nami nikaitikia "ndiyo" kwa kila moja. Ulipaswa kujua kwamba mtu aliyefiwa huitikia "ndiyo" kwa lolote. Wanamwambia pole, ndiyo. Wanamwambia kula, ndiyo. Wanamwambia utazoea, ndiyo. Kwa hiyo lolote ulilosema siku ile lihesabiwe kuwa halikusemwa.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima zote:

Umchukue samaki huyu umrekebishe, kama mimi ninavyoifumua suruali iliyombana mteja na kuishona tena bila maneno. Umwandikie Bimkubwa barua ya kuomba radhi. Nitamsomea mwenyewe. Ubao wako wa dukani, ulioandikwa SAMAKI HAI, usahihishwe usomeke SAMAKI HAI KWA SASA. Kila samaki, kabla ya kuuzwa, ahojiwe mbele ya mashahidi wawili kama ana nia yoyote ya kuugua. Na mwisho, utoe hakikisho la maandishi kwamba samaki anayekwenda kwenye nyumba iliyofiwa hatakufa mpaka wenye nyumba watakapokuwa tayari. Kama mamlaka hayo huna, nielekeze kwa aliye nayo. Nina maswali mengine ya kumuuliza.

Nisalimie mama watoto wako, nisalimie yule mzee anayelala kwenye kiti hapo nje, na yule kaa wa tangi la mlangoni anayemtishia kila mteja kwa gando moja. Mke wangu alikuwa akimwamkia.

Wako katika masikitiko,
Fundi cherehani, mbeba ndoo mstaafu

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku kadhaa kwa kukosa bahasha, na binti yangu alipokuja aliisoma. Alipofika namba tano akauliza, "Baba, beseni la bluu liko wapi?" Nikamwambia lina vitambaa. Akasema, "Mama alikuwa anamtenga mgeni amwangalie kwanza kama ana ugonjwa. Hakuwahi kukwambia?" Aliniambia, ndugu. Aliniambia kila mara, kwa maneno yake, na wewe ukaniambia pale mlangoni kwa maneno yako. Binti ndiye aliyekuja kwako kuchukua dawa. Kama ulivyomwelekeza, samaki wote wawili tumewahamishia kwenye beseni, bafuni. Humo hamna jiwe la kujificha, kwa hiyo Bimkubwa yuko nje muda wote, na leo asubuhi amekula bila kubembelezwa. Wa njano vidoa vyake vimeanza kufifia, na amekula zaidi yake. Pampu inakoroma kama zamani. Nimeoga kwenye kona.

Basi usije kumchukua. Ubao uache ulivyo. Ila mteja mwingine akija kwako na koti kwenye jua, umweleze habari ya beseni polepole, mara mbili, na umwambie kulikuwa na mama mmoja hapa mtaani aliyelijua jambo hilo. Umkumbuke.