Siku Mng'oa-Magego Alipopita Lango la Mama Mkwe

Njooni, enyi wana wa nyanda za juu, nyinyi mnaokama ng'ombe alfajiri na nyinyi mnaolala hadi jua liwakute kitandani! Wekeni vikombe chini, zimeni redio, niwasimulie habari za Walubengo, Mng'oa-Magego wa Elgon View, daktari ambaye nusu ya meno ya Eldoret humtetemekea. Jinsi alivyotimiza miaka hamsini na miwili, akajitazama kiooni, akaona kitambi kimemtangulia, akaapa kwa sauti kuu kwamba mwaka huu atashiriki mashindano ya baiskeli ya kupanda kutoka bonde la Kerio.

Mkewe Leonida, mwenye ulimi usioogopa mabingwa, akamwekea sharti.

"Baba Sylvia, kwanza panda kile kilima cha kwa mamangu huko Plateau bila kukanyaga chini. Ukishindwa hii Saturday, hiyo race utaisikia kwa redio, na baiskeli nitampea Kiprotich wa maziwa abebee mitungi yake."

Sasa sikieni ukubwa wa janga. Adui hakuwa kilima, maana mapaja ya shujaa yalikwisha kukomaa. Adui alikuwa lango lililosimama katikati ya mwinuko, lango la Mama Emmaculate, mama mkwe wake. Kwa watu wao, mwanamume hajitokezi mbele ya mama mkwe ovyo ovyo. Husalimu kwa mbali, macho chini, akiwa amevaa kwa heshima. Na vazi la vita la Walubengo lilikuwa kaptura nyeusi ya kubana, isiyoficha siri yoyote aliyopewa na Muumba wake. Ndiyo maana, katika mazoezi ya wiki zote zilizopita, kila alipofika kwenye kona iliyo chini ya lango alishuka, akachomoa leso ya mkewe mfukoni, akajifunga kiunoni, akapita akikokota baiskeli kwa unyenyekevu. Safari moja alivaa suruali ya kanisani juu ya kaptura. Mnyororo ukaing'ata pindo, jemadari akalala mtaroni na suruali ikafa.

Jumamosi ikawadia. Walubengo aliomba kwa dhati kwamba Mama awe ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Akaushambulia mwinuko, jasho likimtiririka, goti la kushoto likilalamika, akaipita kona bila kushuka, akainua macho. Lo! Mama Emmaculate alikuwa amesimama langoni na ndoo ya chakula cha ng'ombe.

Akishuka, ameshindwa, akipita, ataaibika mpaka kwa wajukuu.

"Ewe Mama uliyemzaa Leonida!" akanguruma, pumzi zikimkatika. "Naja mbele yako... katika hali isiyofaa... wala si kwa dharau... bali kiapo nilichokula..."

"Wacha hotuba, Daktari, utaishiwa na pumzi!" Mama akamkatiza. "Hizi wiki zote nakuona hapo kwa kona ukijifunga leso. Leo usishuke!"

Kisha mama yule mtukufu akaweka ndoo chini, akageuka, akampa mgongo, uso wake ukaelekea ua wa michongoma.

"Mimi naangalia fence yangu. Sioni mtu. Panda!"

Tangu siku ya mahari Walubengo hakuwahi kumpenda mama mkwe wake kiasi kile. Machozi yalichanganyika na jasho, akasimama juu ya pedali, akapita nyuma ya mgongo ule mtakatifu, akazidi kupanda akiguna na kuyumba, hata barabara ikalala na pedali zikawa nyepesi.

"Umefika?" Mama akaiuliza michongoma.

"Nimefika, Mama!"

Leonida alipopiga simu kudai ushahidi, Mama Emmaculate alimjibu bila kusita, "Mimi sikuona kitu. Lakini amepita, na hakushuka."

Basi vizazi vijavyo na vijue kwamba kilima cha Plateau kilitekwa Jumamosi hiyo na Walubengo, Mng'oa-Magego, mguu wake usiguse ardhi, na kwamba shahidi wake wa pekee alikuwa ameitazama michongoma mwanzo hadi mwisho.