Maoni ya Kisheria Yaliyomrudisha Fahali Wangu Nyumbani

Ignatius Shitanda,
Malinya, Ikolomani,
Kakamega.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mwanga wa Magharibi.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUNYIMWA KUSOMA MAONI YA KISHERIA NINAYOAMBIWA NIMEYAVUNJA

Natumai hujambo na karatasi ya gazeti bado ipo, maana nina mengi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Sijawahi kulala korokoroni wala kuruka foleni. Sheria zote ninazozijua nimezitii. Zilizonishinda ni zile nisizozijua. Malalamiko yangu nayapanga kwa nambari, kama nilivyozoea ubaoni.

1. Mwezi uliopita nilifiwa na kaka yangu, Titus, mtu aliyependa mafahali kuliko chakula. Siku zake za mwisho aliniita kitandani akaniambia, "Ignatius, siku ya kunizika umlete Injinia. Asipokuja nitajua." Injinia ni fahali wangu. Alipewa jina hilo kwa ajili ya kazi anazozifanya kwenye nyua za watu. Huku kwetu mzee wa heshima huagwa kwa shilembe: mafahali huletwa nyumbani kwake kwa nyimbo na ngoma za isukuti, watu wakamlilia huku wakicheza.

Asubuhi ya mazishi tukashika njia. Injinia alikuwa ameoga, jambo ambalo baadhi ya waombolezaji hawakuwa wamelifanya. Kwenye njia panda tukasimamishwa na afisa mmoja kijana, Kipruto, akiwa na askari.

"Mzee, fahali hapiti hapa. Kuna maoni ya kisheria ya wakili wa serikali."

"Yanasemaje?"

"Yanasema hapiti."

"Naomba niyasome."

"Ni siri ya serikali."

"Wewe umeyasoma?"

Kipruto akamtazama askari, askari akamtazama Injinia. "Mimi nimeambiwa tu," akasema, na nilimwonea huruma.

Nikamrudisha Injinia zizini. Titus akazikwa kwa nyimbo za kitabu, zile fupi. Mjane wake, shemeji yangu Navalayo, alinipokea mlangoni. Alitazama tu nyuma yangu, aone ni nani anayefuata. Aliyefuata alikuwa mpiga ngoma, ngoma ameificha ndani ya koti.

2. Jumatatu nilienda mjini, kwenye ofisi iliyomtuma Kipruto. Nilipokelewa na karani kwa jina Tracy, binti mwenye adabu sana, na nasema hivyo bila kejeli. Alipekua kabati, akaiona faili, akairudisha.

"Iko, mzee, lakini hiyo hatupeananga."

"Sasa nitaitii vipi, mwanangu?"

"Ukiivunja utaambiwa."

Nikamwonyesha Katiba, kifungu cha thelathini na tano, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Alikisoma chote, akanisifu kwa kukitunza kitabu vizuri, akaniambia niandike ombi. Nikaandika. Baada ya siku tisa nikajibiwa kwamba ombi limekataliwa kwa sababu za kisheria, na kwamba sababu hizo zimo katika maoni mengine ya kisheria, ambayo nayo ni siri. Nilikwenda kutafuta siri moja, Ndugu Mhariri, nikarudi na mbili.

3. Madhara yameenea. Kwa kuwa hapa Malinya hakuna ajuaye hasa ni kitu gani kimekatazwa, watu wameamua kujikataza kila kitu. Jirani yangu Osiako anampitisha mbuzi wake shambani mwa miwa, akiinama, yeye na mbuzi. Rachael wa kwaya anabeba ngoma ya kanisa ndani ya gunia la mahindi, na Jumapili iliyopita mtu alitaka kulinunua. Juzi bwana harusi alivuka njia panda kwa miguu, bila vigelegele, bibi harusi akimfuata hatua ishirini nyuma, wasije wakahesabiwa kuwa msafara. Sheria inayosomwa huvunjwa na wachache. Hii isiyosomwa inatiiwa hata na kuku.

4. Hapa ndipo ninapoumia. Nimefundishwa kwamba serikali ni yetu. Ikiwa ni yetu, basi wakili wake ni wetu. Wapi umeona mteja akifichwa ushauri wa wakili wake mwenyewe? Ni kama kwenda kwa daktari, akupime vizuri, halafu ugonjwa wako amnong'oneze mlinzi wa langoni, na mlinzi akuzuie kutoka.

Kwa hivyo naomba, kupitia gazeti lako, maoni yote ya kisheria ya serikali yasomwe kwenye baraza la chifu. Yabandikwe kwenye mlango wa posho mill ya kusagia unga, mahali ambapo kila mtu hungoja zamu yake bila la kufanya. Yatangazwe kanisani na msikitini. Yachapwe nyuma ya daftari za watoto, palipokuwa na jedwali la kuzidisha. Na kama serikali itashikilia kwamba itatuamuru kwa siri, basi nami nipewe ruhusa ya kutii kwa siri: nitakuwa ninatii, lakini siku, mahali na namna ya kutii havitajulikana na mtu.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga picha, madereva, na hasa yule anayekata barua ndefu. Mwambie nimeandika hii kwa kujizuia.

Wako mtiifu kwa yale niyajuayo,

Ignatius Shitanda,
Mwalimu mstaafu.

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa bado wazi Tracy aliponipigia simu leo asubuhi. Amekuja mkubwa mpya, ameamuru faili ifunguliwe. Nimeenda, nimesoma. Ni kurasa mbili. Ya kwanza inaanza hivi: "Maoni haya yametolewa kufuatia malalamiko ya Bw. Ignatius Shitanda wa Malinya." Nyuma imebanwa barua yangu, mwandiko wangu, ya miaka saba iliyopita, wakati sikuwa na fahali na fahali wa jirani mwingine, Patroba, alikuwa amekanyaga kitalu changu cha sukuma wiki. Nilitaka mafahali wapigwe marufuku njiani, "hata kukiwa na matanga." Nilikuwa nimesahau kabisa. Mstari wa mwisho nilikuwa nimeupigia mstari mara mbili, nikiomba jina langu na jambo lote liwekwe siri.

"Tulikuwa tunakulindanga, mzee," Tracy akaniambia.

Ukurasa wa pili unasema fahali anaruhusiwa kupita, mradi ngoma zisipigwe.

Basi narekebisha ombi langu. Maoni yote ya serikali yafunguliwe, isipokuwa haya. Jumapili nitaenda kwa shemeji Navalayo, mimi na Injinia, kimyakimya, nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Tafadhali usichapishe kabla ya Jumatatu. Na kama tayari imeingia mitamboni, mahali pa jina langu weka la Patroba.